Amri ya Kumjibu Aliyeandika Mwisho

Jumamosi, 4 Julai 2009

Kilo arobaini na mbili. Naandika hapa, nyuma ya daftari la Kemia, kwa sababu hakuna mtu anayefungua daftari la Kemia kwa hiari yake.

Leo nimekwenda na baba kituoni kwake kijijini, kwa akina Limbu wa darasani kwetu, anakopima pamba ya wakulima. Kila msimu wa pamba ukifunguliwa, baba hunipima kwenye mizani ya kampuni kabla watu hawajafika. Ni desturi yetu wawili. Nashika ndoano kwa mikono miwili, nakunja miguu, naning'inia kama robota, yeye anasoma mshale. Darasa la kwanza nilikuwa kilo kumi na tisa. Darasa la tano, ishirini na nane. Anazikumbuka zote! Mwaka huu nina miaka kumi na sita na naona aibu, lakini yeye hufurahi sana.

Leo alisita. Akasema wewe sasa ni mkubwa, kamba itakatika. Nikacheka, nikaning'inia.

“Arobaini na sita,” akasema. “Umenenepa, ng'wanone. Chakula cha mama yako hicho.”

Lakini kamba ilizunguka kidogo nikauona mshale. Ulikuwa kwenye arobaini na mbili.

Nikadhani nimeona vibaya. Halafu nikakumbuka Alhamisi – mwalimu wa Biolojia alitupima darasa zima, nami nilikuwa arobaini na sita kamili. Kwa hiyo baba amesema kweli. Mizani ndiyo imesema uongo. Na baba amejua aongeze ngapi.

Asubuhi, kabla hajanipima, niliporudi na maji ya kunywa nilimkuta ameshika bisibisi, mgongo wa mizani uko wazi. Nikauliza imeharibika? Akasema anafuta vumbi. Jilala, yule kijana anayebeba mizigo na kuipachika kwenye ndoano, alikuwa bado hajafika.

Nimekaa ghalani siku nzima na kitabu. Sikusoma hata ukurasa. Kila mzigo ulipopanda nilisema moyoni: nne. Nne. Nne.

Mama yake Limbu alileta pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alipomaliza kupima alimshukuru baba kwa kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya huko kwao. Mimi akanipa michembe ya viazi vikavu imefungwa kwenye kitambaa. Akasema niile polepole, viazi ni vya shamba lake mwenyewe.

Nimeificha chini ya kitanda. Siwezi kuila.

Jumapili, 5 Julai 2009

Misa ya kwanza. Baba alikomunika. Niliangalia viatu vyangu.

Mchana nikamzunguka mama kwa maneno. Nikasema eti mama, pamba ikikaa ghalani inapungua uzito? Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

“Inakauka. Ikifika kiwandani wanapima upya, pungufu wanamkata nani? Baba yako. Msimu wa juzi alirudi na nini humu ndani? Wewe uliza mambo ya Fizikia, ya mizani waachie wenyewe.”

Kwa hiyo anajua.

Nataka kumwambia mtu mmoja tu – Salu. Tangu baba yake ahamishiwe Mwanza sina rafiki wa kuongea naye. Simu iko moja, ya mama, na meseji zote anazisoma kwa sauti. Kumebaki kwenye mchezo wa kompyuta, kule intaneti.

Mchezo wa ngome. Wenzangu wanacheza ili wavunje kuta za watu. Mimi nacheza ili niongee! Humo hakuna anayeniona nikitetemeka midomo. Jina langu ni Daftari. Salu ni Sangara. Limbu naye yumo, anaitwa Ng'ombe_Elfu, na ana kweli zizi kubwa kuliko wote Bariadi, ingawa ni la kwenye skrini.

Mashimba mwenye duka la intaneti ndiye aliyenifundisha kuongea humo. Ukiandika tu, maneno yanakwenda kwa wote – “hapo unapiga kelele mnadani.” Ukianza na /w na jina la mtu, yanamfikia yeye peke yake – “hapo unamnong'oneza.” Na ukianza na /r, huna haja ya jina. Anajibiwa yule aliyekunong'oneza mwisho. Mimi hutumia /r siku zote, maana anayeninong'oneza ni Salu tu.

Jumanne ni Saba Saba, hakuna shule. Nitakwenda.

Jumatatu, 6 Julai 2009

Limbu kanigeukia kipindi cha Fizikia, akauliza kama michembe ya mama yake ilikuwa mitamu. Nikasema mitamu sana. Akasema mbona unasema kama unajibu mtihani?

Ni mpole, Limbu. Amepanga chumba huku mjini na wenzake wawili wa kijijini kwao, wanapika kwa zamu, na kila Ijumaa jioni anarudi kwao kwa miguu. Ada yake ni hiyo pamba.

Jumanne, 7 Julai 2009 – Saba Saba

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika saa tano. Kumejaa! Watoto wa mjini wote wako pale, wengine wawili wawili kiti kimoja. Mashimba akanipa kikaratasi cha nusu saa na kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi zimefutika. Limbu alikuwa kompyuta ya tatu kutoka kwangu. Alinipungia mkono. Nikapunga.

Laini ilikuwa nzito kama tope. Salu akaja.

“Mbona umepotea? Una nini?” – kwa mnong'ono.

Nikaandika /r. Nikaanza.

Kosa langu ni hili: mimi huandika nikitazama vitufe, siyo skrini. Kwa vidole viwili. Na herufi zenyewe zimefutika, kwa hiyo nazitafuta moja moja. Nilichukua dakika tano nzima kuandika maneno haya, nayakumbuka yote:

“Mizani ya kituo cha baba inapunguza kilo nne kila mzigo. Nimepima mwenyewe. Hata mama yake Limbu kapunjwa juzi mbele yangu. Sijui nifanye nini. Usimwambie mtu.”

Sikuandika ni nani aliyefanya. Vidole vilikataa.

Nikabonyeza Enta. Nikainua macho.

Juu ya maneno yangu palikuwa na maneno mengine, yaliyoingia nilipokuwa nimeinama: “Daftari una mbao? Nigawie mia nimalizie zizi.” Kutoka kwa Ng'ombe_Elfu. Na chini yake, maneno yangu yote. Kwa Ng'ombe_Elfu.

/r humjibu aliyeandika mwisho. Nilijua! Nilijua tangu siku ya kwanza!

Niliganda. Laini ni nzito, nikawaza, labda haijafika. Labda mtambo wa dishi utazimika. Nilitazama shingo yake. Alikuwa anacheka na mwenzake. Halafu akaacha kucheka. Akasogea karibu na skrini. Akakaa hivyo muda mrefu.

Hakugeuka. Ningependa ageuke, hata anitukane. Alifunga mchezo, akasimama, akamwachia mwenzake kiti, akatoka. Mashimba akamwita: “Wewe Limbu! Umebakiza dakika kumi na nane!” Hakuitika. Hakuna mtu wa pale aliyewahi kuacha dakika kumi na nane.

Nilimwendea Mashimba. Nikamwuliza kama kuna amri ya kurudisha meseji.

“Ipi?”

“Iliyokwenda kwa mtu siye.”

Akanitazama, akacheka: “Mdogo wangu, umemtongoza nani?” Watu wakacheka. Nikatoka bila kumuaga Salu.

Jumatano, 8 Julai 2009

Limbu hayupo shuleni. Wenzake wa chumba wanasema alirudi kwao jana ile ile. Siku ya Jumanne! Kwa miguu!

Nimeshindwa kula. Mama anasema ni malaria.

Alhamisi, 9 Julai 2009

Baba amerudi saa tisa mchana. Kwa miguu. Bila baiskeli, bila kofia.

Alikaa uani kwenye kigoda, hakutaka maji. Mama alimvua viatu. Nilisikia yote kupitia dirisha.

Walikuja asubuhi, kimya, wanaume kama thelathini. Sungusungu, walinzi wa kijiji, na katibu wao mbele. Hawakumgusa. Limbu alikuwa amebeba dumu la lita ishirini, limejaa maji. Akalipachika kwenye ndoano yeye mwenyewe. Akawaambia wazee – lita ishirini za maji ni kilo ishirini, na dumu lenyewe ni kilo moja. Mshale ukasimama kwenye kumi na saba.

Lilipimwa mara tatu. Kila mzee alikwenda kusoma, hata asiyejua kusoma.

Ni Fizikia ya kidato cha pili. Mimi ningeweza kufikiria hivyo hivyo. Niliona aibu, na kidogo – naandika kweli – nilimwonea fahari.

Wameifunga ghala na kuizuia baiskeli. Kisha wametoa amri: mpaka kesi isikilizwe Jumapili saa nane, karani wa mizani ametengwa. Hakuna wa kumpa moto wala maji. Hakuna wa kumsalimia, yeye wala nyumba yake. Atakayemsemesha anatozwa ng'ombe.

Baba anasema njiani alikutana na mzee anayemfahamu miaka kumi na tano. Akamsalimia, “Mwadila.” Mzee akatazama mtama.

“Afadhali wangenipiga,” baba akasema.

Halafu akamwuliza mama: ni nani aliyewaambia? Ni nani?

Ijumaa, 10 Julai 2009

Limbu amerudi darasani. Amepita mbele ya dawati langu. Nilisema “mambo” – kwa sauti yangu ile ya chini, lakini alisikia, kwa sababu masikio yake yalisogea. Hakujibu. Wenzake wawili nao wakapita hivyo hivyo, kama ninakalia kiti kitupu.

Nilidhani ni hasira. Kisha nikakumbuka: yeye wala nyumba yake. Mimi ni nyumba yake.

Wasichana wa mjini hawajui kitu. Wananisalimia kama kawaida, na kila wakinisalimia nataka kulia.

Nyumbani baba amepata jibu lake. Anasema ni Jilala. Nani mwingine alikuwa anashinda pale? Jilala ndiye aliyekwenda kusema.

Nilikuwa nimeshika bakuli la mboga. Nikaliweka chini. Ningesema hapo hapo: siyo Jilala, ni mimi. Mdomo ulifunguka, mama akanitazama, ukajifunga.

Jumamosi, 11 Julai 2009

Leo ni mbaya kuliko Jumanne.

Baba aliniita baada ya chai. Alinivutia kiti! Hajawahi kunivutia kiti. Akaongea taratibu, kama mtu anayepanga mayai.

Akasema ufunguo wa kituo wanao watu wawili, yeye na Jilala. Kwa hiyo mshale ameurudisha mmoja wao. Kesho mbele ya wazee atasema ni Jilala – kwamba Jilala alikuwa anachezea mizani ili baadaye aiuze ile pamba ya ziada kwa siri.

“Ni kweli?” nikauliza.

Baba akaangalia mikono yake.

“Jilala ni kijana. Akifukuzwa ataanza kwingine, hata Nassa kwenye samaki atapata kazi. Mimi nikifukuzwa nitaanza wapi? Na wewe utamaliza shule kwa lipi?”

Kisha likaja la mwisho. Jumamosi ile nilikuwepo kituoni. Watu waliniona. Mimi ni mtoto wa sekondari, sijawahi kugombana na mtu, wazee wataniamini. Niseme tu nilimwona Jilala asubuhi na bisibisi. Neno moja.

“Baba, mimi siwezi kuongea mbele za watu. Unanijua.”

“Ndiyo maana watakuamini,” akasema.

Alinishika kichwa, kama zamani. Sijawahi kumchukia baba yangu na sasa hivi simchukii. Ningejua kumchukia ingekuwa rahisi.

Jilala ana mke anayenyonyesha. Mama yangu ndiye aliyempelekea uji wa uzazi mwezi wa nne.

Sungusungu wakimtia mtu hatiani kwa wizi wa jasho la kijiji, anapigwa fimbo, kisha anahama. Na yeye hana hata ufunguo wa maneno ya kujitetea. Anaongea kwa utani tu. Jumamosi ile alinipachika jina, “Mwalimu”, kwa sababu ya kitabu. Akaniambia Mwalimu, tusomee basi, pamba nayo inataka elimu!

Nitasema nini? Nitasema nini?

Jumapili, 12 Julai 2009

Naandika nikiwa kwa Mashimba. Saa sita kasoro.

Baada ya misa nilimwambia baba nakwenda kurudisha kitabu. Akasema wahi, ameazima baiskeli ya Mzee Sayi, atanipitia hapa mjini tuondoke. Amevaa shati jeupe na kofia yake ya Jumapili. Amenyoa ndevu. Mama amenisuka upya alfajiri, alivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yalikuwa ya nywele.

Nilitaka kumwandikia Salu. Nilifungua mchezo. Meseji mbili zilikuwa zinanisubiri.

Ya kwanza ya Sangara, ya Jumatano: “Uliondoka bila kuaga. Kuna nini? Nina wasiwasi.”

Ya pili ya jana usiku. Ng'ombe_Elfu.

“Siruhusiwi kukusemesha. Lakini humu hawajakataza, nimewaza sana, humu hawapajui. Sijamtaja mtu. Nimewaambia nilihisi tu uzito wa gunia. Sasa kijijini wengine wanasema ni baba yako, wengine wanasema Jilala. Jilala wamemfungia kwenye ofisi ya kijiji tangu juzi, mkewe anampelekea chakula dirishani. Wewe ulisema umepima mwenyewe. Ulimwona aliyeugeuza mshale? Nijibu kabla ya saa nane; nimekuja kulala mjini, kesho nitapita kusoma kabla sijarudi kwenye kesi. Mama anakusalimia. Amesema nisikwambie, lakini anakusalimia.”

Nimeisoma mara nyingi. Yule mama. Kwa ng'ombe mmoja ananisalimia!

Mashimba alipita nyuma yangu, akaona sichezi. “Leo huvunji kuta?” Nikasema leo hapana. Akasimama kidogo, akauliza kwa upole yule wa Jumanne amejibu? Nikasema amejibu. Akasema basi afadhali, kibaya ni mtu asiyejibu.

Sikutumia /r. Nimeandika /w, kisha jina lake lote, herufi kwa herufi, na ule mstari wa chini katikati. Safari hii nimetazama skrini. Nimeandika hivi:

“Si Jilala. Jilala alikuwa hajafika. Niliona kwa macho yangu. Ni baba. Usinitaje.”

Nimekaa nayo. Nikafuta “Usinitaje.” Nikairudisha. Nikaifuta tena.

Nikifuta naona picha hii: niko mbele ya wazee, baba ameshasema maneno yake, wananigeukia. Limbu ameshawaambia. Sina haja ya kuongea. Naitikia kwa kichwa tu. Hata mimi naweza kuitikia kwa kichwa. Halafu narudi nyumbani na nani? Nitakaa nyuma ya baiskeli ya nani, kilomita zote zile?

Nikirudisha neno lile naona nyingine: Limbu anasema nimeambiwa, wanauliza na nani, ananyamaza. Nani amewahi kumwamini mtu anayenyamaza? Jilala anafukuzwa hata hivyo.

Nikabonyeza Enta – hapana. Nilitaka kubonyeza. Kidole kilikuwa juu yake. Na laini ikakatika.

Watu wote wakaguna kwa pamoja. Mashimba amepanda kwenye paa kutikisa dishi. Anapiga kelele kutoka juu: “Msiondoke! Dakika zenu zinasimama! Inarudi sasa hivi!” Ndiyo maana nimetoa daftari.

Maneno yangu bado yapo kwenye kisanduku, hayajakwenda. Mbele yake kuna jina. Nimelisoma mara tatu. Ng'ombe_Elfu. Si kosa safari hii. Haitakuwa kosa.

Nimemwona baba. Yuko ng'ambo ya barabara na baiskeli ya Mzee Sayi. Analifuta tandiko la nyuma kwa leso yake, pale nitakapokaa. Mwanamke mmoja wa kijijini kwa akina Limbu amepita na kapu. Baba amevua kofia. Naona midomo yake ikimsalimia – Mwangaluka, mayu. Yule mama amepita.

Baba bado ameshika kofia.

Mashimba anashuka. Taa ya kile kisanduku cha mtambo ilikuwa nyekundu. Sasa inawaka kijani, inazima, inawaka.

Neno la mwisho kwenye meseji ni baba. Sikulirudisha “Usinitaje.”

Kengele ya baiskeli. Ananiita jina langu, Generoza, kwa sauti ile ya kunipimia.

Kijani. Imetulia.